ELISHA HAKUTOKA NYUMBANI



Katika gazeti letu tumezoea kujibu maswali mnayotuletea baada ya ibada. Swali la safari hii lilitoka kwenye kilio. Mnamkumbuka, ninyi wa Kamina, yule mzee wetu wa reli tuliyemzika mwaka 2019. Mtoto wake wa kwanza alikuwa Dar es Salaam, nchi ya Tanzania. Tulimngoja siku ya kwanza, tukamngoja siku ya pili, hakufika. Siku ya maziko alipiga simu. Mchungaji akaishika ile simu juu ya kaburi, kijana akasali kwa sauti iliyokatika-katika, sisi sote tukaitika Amina. Udongo wa kwanza, ambao ulikuwa wake, ukatupwa na mdogo wake.

Jioni baba zake wadogo walikaa chini ya mwembe na hasira. Wakauliza: ni mtoto gani huyu anayekataa kumzika baba yake? Ndipo dada yake alipoleta ukweli uliokuwa umefichwa. Kaka yao alikuwa ametumia heroini miaka mingi kule Dar. Sasa alikuwa katika mwaka wa pili wa matibabu. Kila asubuhi alikwenda kwenye dirisha la kliniki na kunywa dawa iitwayo methadoni mbele ya mwuguzi, hata Jumapili. Na njia ya kuja Kamina ninyi mnaijua: treni mpaka Kigoma, chombo cha kuvuka ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, halafu treni yetu kupitia Kabalo. Mtu mwenye bahati husafiri zaidi ya juma moja. Bila dawa, mwili wake ungeanguka hata kabla hajavuka ziwa. Na hapa Kamina hakuna dirisha kama lile.

Maneno yakagawanyika. Mmoja akasema: "Basi amemwacha bwana mmoja na kumpata bwana mwingine." Mwingine akasema: "Aje, manabii wamwekee mikono, aitupe hiyo dawa, awe huru." Kijana mmoja anayesoma akasema: "Ziko nchi ambako munganga anatibu ugonjwa huu kwa simu, na mgonjwa anapata dawa karibu na nyumba yake. Mbona yeye afungwe na dirisha moja?" Mzee mmoja akacheka: "Uponyaji wa simu! Nani amepona kwa mkono usiomgusa?"

Maneno hayo hayajatutoka. Ndani yake tunaona maswali mawili ambayo kanisa haliwezi kuyapita. La kwanza: mtu anayekunywa dawa kila siku ili asirudi kwenye madawa ya kulevya, je, amefunguliwa au bado ni mtumwa? La pili: uponyaji unaotoka mbali, kwa sauti tu, bila mkono kugusa kichwa, je, ni uponyaji? Tumeyafikiri maswali haya, na tunawaletea tuliyoyapata.

KWANZA TUUJUE UGONJWA

Afyuni, morfini na heroini ni za ukoo mmoja. Hata tramadoli, vile vidonge vya maumivu ambavyo vijana wetu wanavijua kuliko wanavyotuambia, ni ya ukoo huo. Mtu akizoea, mwili unabadilika na kupangwa upya kwa ajili ya ile dawa. Ikikosekana, anatoka jasho, anatapika, mifupa inauma, usingizi unakimbia. Wakati huo hatafuti tena furaha. Anatafuta asiwe mgonjwa. Ndiyo sababu maonyo peke yake hayatoshi, kwa maana yeye mwenyewe amekwisha kujionya mara mia.

Wanganga wamepata dawa mbili zinazosaidia sana. Methadoni hunywewa, na nguvu yake hukaa siku nzima, polepole, bila kumpandisha mtu juu na kumwangusha. Buprenofini ni kidonge kinachowekwa chini ya ulimi mpaka kiyeyuke. Hutuliza ile njaa ya mwili, na si rahisi kama heroini kuzima pumzi. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliziandika zote mbili katika orodha ya dawa za lazima kwa kila nchi.

Jirani zetu wamekwisha kuanza. Muhimbili, pale Dar es Salaam, walifungua dirisha la methadoni Februari 2011. Kenya walianza katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014. Zanzibar walifuata 2015, na Uganda, pale Butabika, mwaka 2020. Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha jambo moja: mgonjwa akiwa ndani ya matibabu haya, hatari yake ya kufa hushuka karibu nusu kuliko akiwa nje.

Na liko jambo jingine ambalo kila mzazi na kila nabii inafaa alijue. Mtu akikaa muda bila heroini, mwili unasahau kipimo cha zamani. Siku akirudi na kutumia kipimo kile kile, pumzi inaweza kusimama. Kwa hiyo saa ya hatari kubwa si ile tu anapotumia. Ni ile anapoacha ghafula na kuanguka tena. Anayemwambia mgonjwa "tupa dawa leo uwe huru" aelewe anachomwagiza.

JE, NI MTUMWA?

Tuseme bila kuficha: neno lile la bwana wawili lina nguvu. Sisi watoto wa nchi hii tunajua utumwa ni nini, na hatupendi kuona mtoto wetu amefungwa kwa kamba yoyote. Lakini tuwapime hao mabwana wawili kwa kazi yao.

Heroini inataka nini kwa mtu? Inataka feza yake, kisha feza ya mama yake, kisha sufuria ya mama yake. Inataka aseme uongo asubuhi na mchana. Inataka siku nzima, na usiku inadai tena. Dawa ya kliniki inataka nini? Inataka saa moja ya asubuhi. Kisha inamrudishia siku yake. Yule kijana, katika mwaka wake wa pili, alikuwa anafanya kazi ya kushona viatu, anamtumia mama yake franka kidogo za bukari. Bwana anayekurudishia siku yako si bwana yule yule.

Tena hapa kwetu wako ndugu wenye ugonjwa wa sukari wanaojichoma sindano kila siku. Hatuwaiti watumwa wa sindano. Mgonjwa wa kifua kikuu humeza dawa miezi 6 mbele ya shahidi, nasi tunamsifu kwa uvumilivu. Mbona tunamhukumu huyu mmoja? Kwa sababu tunafikiri ugonjwa wake ulianza kwa dhambi. Labda ndiyo. Lakini mtu aliyevunja mguu akikimbia na mali ya wizi, mguu wake hutengenezwa namna ile ile kama wa mtu mwema. Dhambi ina njia yake ya toba, na mfupa una njia yake ya kuunganishwa.

Hata hivyo hatutaki kufunika upande mwingine. Kamba ilikuwako. Ilimzuia mtoto asifike kwenye kaburi la baba yake. Lakini ile kamba haikufungwa na dawa yenyewe. Ilifungwa na sheria: kunywa hapa, leo, mbele ya macho yetu. Na sheria ile haikutungwa kwa ubaya. Methadoni ikipelekwa nyumbani inaweza kuuzwa, na mtoto mdogo akiinywa inaweza kumwua. Sheria ilimlinda mtoto wa jirani. Mzigo wake aliubeba huyu kijana, ambaye hakuwa ameuza dawa wala kuua mtu. Hapo ndipo swali la haki lilipo, ndugu: nani abebe gharama ya kutoaminiana kwetu?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa: abebe mgonjwa. Kisha ugonjwa wa Korona ukaja mwaka 2020, na watu wakakatazwa kukusanyika kwenye madirisha. Nchi nyingi zikalazimika kujaribu kuwaamini wagonjwa wao. Marekani waliruhusu mgonjwa aliyetulia apewe methadoni ya mpaka siku 28 nyumbani. Na mwezi Machi wa mwaka ule wakafungua mlango mwingine: munganga aliweza kumwanzishia mtu buprenofini kwa simu au kwa vidio, bila kumwona kwanza uso kwa uso. Wanazungumza, munganga anamwuliza, anaandika agizo kwa farmasi iliyo karibu na mgonjwa, kisha anampigia tena kufuata hali yake. Huo ndio uponyaji wa simu ambao mzee wetu aliucheka.

NAAMANI ALIKASIRIKA

Sasa tufungue kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 5. Naamani alikuwa mkuu wa jeshi, naye alikuwa na ukoma. Alifika mbele ya nyumba ya nabii Elisha na farasi na magari. Elisha hakutoka nyumbani. Alituma mjumbe tu na neno: nenda ukaoge mara 7 katika Yordani. Naamani akakasirika. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa amekwisha kuchora uponyaji wake kichwani. Alitazamia nabii asimame mbele yake, aite jina la Mungu wake, apunge mkono juu ya mahali penye ugonjwa. Alitaka mkono. Alipewa neno la mbali, na kazi ndogo ya kurudia-rudia.

Ndugu, siku ile chini ya mwembe sisi ndio tuliokuwa Naamani. Tulikataa sauti kwa sababu haina mkono, na tulikataa dawa ya kila siku kwa sababu ni ndogo na inarudiwa. Hebu fikirini: kama Naamani ameingia mtoni mara 6, na mtu amesimama ukingoni anamwita, "Toka, inatosha, amini tu," mtu yule angekuwa amesaidia imani au ameivunja? Ngozi haikubadilika mara ya 6.

Na mnalijua lile jambo la akida wa Kirumi, katika Matayo sura ya 8. Yeye mwenyewe aliomba Bwana asiingie nyumbani mwake, aseme neno tu. Mtumishi akapona mahali alipolala. Bwana alimsifu mtu yule kwa imani yake kuliko wengi waliotaka kuguswa.

Tena sisi wa makanisa yaliyozaliwa Afrika tunayo historia yetu. Mwaka 1921 Simon Kimbangu aliwawekea wagonjwa mikono kule Nkamba. Mwaka ule ule Wabelgiji walimhukumu, wakamleta Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakamfungia gerezani miaka 30 mpaka akafa humo mwezi wa Oktoba 1951. Waliomwamini walikuwa mwisho mwingine wa nchi, upande wa Bas-Congo. Hawakuwa na mkono wake wala simu yake. Imani yao haikufa. Basi si sisi wa kusema kwamba kitu kinachotoka mbali hakina nguvu. Na siku ya maziko, mchungaji aliposhika simu juu ya kaburi, ni nani kati yetu aliyesema sala ile haikufika?

GEHAZI NAYE ALIPITA NJIA ILE ILE

Lakini tusikimbilie kushangilia. Sura ile ile ya 5 ina mtu mwingine: Gehazi, mtumishi wa Elisha. Naamani alipokwisha kupona, Gehazi alimkimbilia njiani, akamdanganya kwamba bwana wake amemtuma, akapokea feza na nguo. Njia ambayo neno la uponyaji lilipita, tamaa nayo ikapita humo humo.

Ilitokea hivyo katika siku zetu. Mwaka 2001, katika jimbo la California, kijana wa miaka 18 aitwaye Ryan Haight alikufa kwa vidonge vya maumivu alivyovinunua kwa intaneti. Munganga aliyeviruhusu hakumwona hata siku moja. Mama yake hakunyamaza, na mwaka 2008 Marekani ikatunga sheria yenye jina la mtoto wake: munganga asiagize dawa za namna hii kwa intaneti kabla ya kumwona mgonjwa uso kwa uso hata mara moja. Ilikuwa sheria nzuri, iliyotoka katika machozi. Lakini miaka ilipopita, sheria iliyomzuia mwuzaji ikawazuia pia wagonjwa waliokaa mbali na munganga, waliotaka kupona. Na katika kila mwaka wa 2021, 2022 na 2023, watu zaidi ya 100,000 walikufa kule kwa kuzidisha madawa. Ndiyo maana ule mlango uliofunguliwa mwaka 2020 umekuwa jambo la kubishaniwa sana: wengine wanamkumbuka Ryan, wengine wanawakumbuka wale waliokufa wakingoja.

Matunda yake yamechunguzwa. Uchunguzi mmoja uliotolewa 2023, juu ya wazee na walemavu wenye bima ya serikali kule, ulionyesha kwamba waliopata matibabu ya ugonjwa huu kwa simu au vidio walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa kwa kuzidisha madawa, na wale waliopata dawa hizi tulizozitaja pia. Hatusemi simu ndiyo iliyowaponya. Tunasema neno lililotoka mbali, likiwa na dawa ndani yake, halikuwa upepo.

Basi umbali wenyewe ni mzuri au ni mbaya? Tunajibu kwa kuwapeleka sokoni kwetu. Mtu anakaa na meza ndogo, vidonge ndani ya vikaratasi. Tunamjua, tunamjua na mama yake. Kijana anayebeba magunia kwenye kituo cha reli anakuja, anatoa franka zake, anapewa tramadoli. Mwuzaji hakumwuliza hata neno moja. Katika nchi maskini tramadoli ni msaada mkubwa kwa mwenye maumivu, na ndiyo sababu moja haikuwekwa katika orodha kali za mataifa kama morfini. Lakini kwa kipimo kikubwa huleta kifafa, na anayeizoea anafungwa kama wale wa heroini. Yule mwuzaji alikuwa karibu kiasi cha kugusana. Hata hivyo, nani alikuwa mbali na kijana kuliko yeye?

Kwa hiyo hili ndilo tuliloliona baada ya kufikiri sana: umbali si dhambi. Dhambi ni kumpa mtu kitu na kumwacha. Kipimo cha mponyaji, awe wa karibu au wa mbali, ni hiki: je, anajibu kwa ajili ya yule aliyempa? Mtalijua kwa mambo matatu. Je, anauliza kabla ya kutoa? Je, anarudi baada ya kutoa? Je, yuko mtu karibu na mgonjwa wa kushika kazi wakati sauti inapokatika? Elisha hakutoka nyumbani, lakini neno lake lilibeba jina lake, na Gehazi alipodanganya, Elisha alimwuliza.

YULE WA KWETU

Tuwape mfano wa karibu. Kijana mmoja wa kusanyiko letu, mbebaji wa magunia, alianguka katikati ya ibada, mwili ukitetemeka. Wengine walipaza sauti wakisema ni pepo. Shangazi yake alikuwa ameona vikaratasi vya vidonge ndani ya suruali yake. Kwa msaada wa ndugu mmoja mwuguzi, walimpata munganga Lubumbashi aliyekubali kumfuata kwa simu, maana nauli ya kwenda huko, zaidi ya kilometa 500 kwa reli, hawakuwa nayo.

Munganga aliuliza: "Unameza vidonge vingapi kwa siku?" Kijana akajibu: "4." Shangazi akamtazama. Kimya kikapita. Kijana akasema: "14." Sisi tunaojua maana ya kukiri mbele ya ibada tulielewa uzito wa neno lile. Munganga wa mbali hana mkono wa kushika mapigo ya damu. Hana jicho la kuona jasho. Kipimo chake ni ukweli wa mgonjwa. Hata kwa buprenofini ni hivyo: munganga lazima ajue ni saa ngapi tangu mtu alipotumia heroini mara ya mwisho, kwa sababu ikianzwa mapema mno humtupa mgonjwa katika mateso makali ghafula. Mgonjwa akidanganya, dawa nzuri inamgeuka.

Munganga alipanga hesabu ya kupunguza vidonge polepole, si kuacha kwa siku moja. Shangazi aliviweka ndani ya kopo la maziwa, akavitoa kwa hesabu ile. Jioni mtandao ulipokuwapo, simu ililia, na munganga akauliza: umelala? umekula? umetetemeka? Ijumaa manabii walimwombea. Hakuna aliyewaambia waache, na wao hawakumwambia atupe kopo. Kijana alianguka mara moja, akarudi sokoni, kisha akakiri kwa munganga, wakaanza tena. Hatuandiki ushuhuda wa mtu aliyemaliza. Tunaandika habari ya mtu anayeendelea.

Mmeona nani aliyekamilisha kazi? Sauti ilitoka Lubumbashi, lakini kopo lilikuwa mkononi mwa shangazi. Simu haikuondoa mkono. Iliutafuta mkono mwingine. Jambo hili linajulikana hata kwa magonjwa mengine: tangu mwaka 2010, kule Kinshasa, wenye virusi vya ukimwi waliotulia wamekuwa wakipokea dawa zao katika vituo vya mtaani, wakihudumiwa na wenzao wanaoishi na virusi hivyo, bila kulala kwenye foleni ya hospitali. Dawa inatoka mbali, lakini inamaliza safari yake mikononi mwa mtu anayekujua.

BASI TUFANYE NINI?

Tunaomba mambo manne katika kusanyiko letu.

Moja: mtu yeyote asimwagize mgonjwa kuacha dawa ya munganga ili kuonyesha imani. Nabii akiona neno juu ya mgonjwa, mgonjwa alipeleke neno hilo kwa munganga wake, na wapunguze pamoja ikifaa. Mungu aliyeponya mara ya 7 hakuwa dhaifu mara ya 6.

Mbili: anayetafuta dawa kwa simu asipokee kutoka kwa sauti yoyote tu. Aulize munganga ni nani, anafanya kazi wapi, atampigia lini tena. Sauti inayotaka feza kwanza na haiulizi neno juu ya mwili wako ni ya Gehazi. Ikatae.

Tatu: tuwe mkono wa karibu. Mwenye simu nzuri amwazime asiye nayo, na amwachie nafasi azungumze peke yake, maana katika nyua zetu simu ya mmoja husikika na watu kumi. Mwenye moyo mtulivu na aishike ile kopo, aifungie mbali na watoto, afuate hesabu. Na alichosikia akiweke moyoni. Siri ya mgonjwa haipelekwi kisimani.

Nne: wale wanaouza vidonge sokoni, na wengine wao wanasali nasi, tunawaambia kwa upendo na kwa ukali: mnajua mnachokifanya. Msitoe mkono wa sadaka Jumapili na mkono wa kikaratasi Jumatatu.

Mnamkumbuka aliyemwonyesha Naamani njia? Si mfalme, wala mkuu wa jeshi. Ni kisichana mtumwa, aliyetekwa kutoka nchi yake. Hakuwa na dawa, hakuwa na unabii. Alijua tu mahali msaada ulipo, akasema. Kusanyiko letu likifanya kazi ya kile kisichana, litakuwa limefanya kazi kubwa.

Na yule mtoto wa mzee wetu? Yuko hai. Baadaye kliniki yake ilianza kuwapa wagonjwa waliotulia dawa ya siku chache nyumbani. Siku chache hazifiki Kamina, kwa hiyo kaburi la baba yake hajaliona bado. Kila mwaka, siku ile, anapiga simu, na mdogo wake anakwenda nayo kaburini. Baba yake mdogo, yule aliyesema neno la mabwana wawili, ametuomba tuandike hivi katika gazeti: siku kijana atakapofika, wenye nyumba watampokea kwenye kituo cha reli na kumpeleka kaburini wao wenyewe, na hakuna atakayemwuliza kwa nini alichelewa. Udongo upo.

Bwana awape nguvu wote wanaooga mara ya tatu, ya nne, ya tano, na ngozi bado haijabadilika. Amina.